UZI: Kuandaa viongozi wa miaka 13–17 kwenye kundi la vijana kanisani. Kazi kwanza, cheo baadaye

MwalimuWaJumamosi

Bwana Yesu asifiwe wadau. Uzi huu ni wa walimu wa kipaimara, walezi wa vijana, wainjilisti na wazee wa kanisa wanaotaka vijana wadogo waongoze kwelikweli, si kushika maiki Sikukuu ya Vijana halafu Jumapili inayofuata warudi kupanga viti. Naandika kwa mazingira ya usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania). Wa madhehebu mengine mtaona pa kupunguza na pa kuongeza.

Shida inaanzia kwenye umri. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamtambua kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35, na makanisa mengi yanatumia hesabu hiyo au inayokaribiana nayo. Kwa hiyo binti wa kidato cha pili yuko umoja mmoja na baba wa watoto wawili. Uchaguzi ukifika, mwenyekiti, katibu na mhazini wanatoka kwa wenye ajira na usafiri. Wa miaka 15 anapewa "mjumbe", yaani anaitwa kikaoni na hana cha kufanya. Mwaka unaisha hajaongoza hata wimbo.

Shida ya pili ni kipaimara chenyewe. Mafundisho ya miaka miwili, ibada, pilau, picha, kisha Jumamosi inayofuata ukumbi mtupu. Kijana ameelewa kwamba amehitimu. Ndiyo maana maandalizi ya viongozi yaanze miezi sita KABLA ya kubarikiwa (kupokea kipaimara), wakati bado ana sababu ya kuja kila wiki. Ukingoja wabarikiwe ndipo uwatafute, utawapata wachache wanaokaa jirani na kanisa.

Kuchagua. Msipige kura. Kura inamleta mchekeshaji na mtoto wa mzee wa kanisa. Kwa wiki nne walimu wawili waangalie tu, kila mmoja na daftari lake bila kuoneshana: nani anafika kabla ya muda, nani anamsogelea mgeni bila kutumwa, nani akishika ufagio wenzake wanafuata, nani akikosolewa wiki hii wiki ijayo anarudi. Kusali kwa sauti kubwa na kukariri mistari kusiwapoteze. Ni vizuri, lakini havimfanyi mtu afuatwe na wenzake. Wiki ya nne wagawieni wote vipande vya karatasi, kila mmoja aandike majina mawili bila kuweka lake: "Ukipata shida shuleni, kati ya hawa ungemwambia nani?" Hapo ndipo anaibuka binti mkimya wa benchi la nyuma ambaye walimu wote wawili hawakumwandika.

Linganisheni orodha zote tatu, mchukue 6 hadi 8 kwa kundi la vijana 40. Chini ya 6, malaria ya watoto wawili inaangusha ratiba. Zaidi ya 8, wengine wanakaa bila kazi na kuanza kupigiana stori. Wasichana na wavulana nusu kwa nusu. Na hakikisheni yumo asiye na simu wala nauli ya uhakika. Timu ya wenye uwezo watupu itapanga mambo ya wenye uwezo.

Kabla ya kuwaambia wenyewe, nendeni kwa wazazi. Waelezeni siku, saa ya kuanza, saa ya kurudi nyumbani, na kwamba ni kwa miezi mitatu. Mzazi aliyeshirikishwa atamruhusu atoke mapema siku ya zamu yake. Asiyeshirikishwa atamtuma sokoni saa ile ile.

Kazi. Ziwe sita: mapokezi na mahudhurio, nyimbo, michezo, vikundi vya Neno, ufuatiliaji wa waliokosa mara mbili mfululizo, vifaa na muda. Si lazima zote zianze siku moja. Kila kazi wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, kama Marko 6:7, na timu ikiwa ya 6 au 8, jozi nyingine itabeba kazi mbili. Muda ni wiki 12 na unagawanyika hivi:

Wiki 2 anaangalia mwalimu akifanya. Wiki 3 wanafanya pamoja. Wiki 5 anafanya mwenyewe, mwalimu yupo chumbani lakini amekaa nyuma. Wiki 2 za mwisho anamwelekeza atakayempokea.

Walezi wengi wanakwama kwenye zile wiki 5. Kijana akikosea kidogo tu, mlezi anasimama, anachukua maiki, "ngoja niwasaidie". Kuanzia hapo kundi zima linajua nani anaongoza. Mlezi asimame kwa mambo mawili tu: mtu anaumia, au mtu anadhalilishwa. Wimbo ukianzishwa juu mno, acha wahangaike nao. Wataushusha.

Muda. Kipindi kiwe dakika 90, mfano saa 8:00 hadi 9:30 mchana. Dakika 15 mapokezi na mchezo, 15 nyimbo, 15 Neno kutoka kwa mwalimu, 30 vikundi, 15 matangazo na sala. Timu ifike saa 7:30, isiondoke mpaka saa 9:50, maana zile dakika 20 za mwisho za tathmini ndilo darasa lenyewe la uongozi. Maswali matatu: nini kimekwenda, nini kimekwama na kwa nini, wiki ijayo nani anafanya nini. Mtu mzima aseme wa mwisho. Akianza yeye, wengine wote watamwitikia tu.

Karibuni kuongezea, kupinga ruksa.

---

Kigango_Kwetu

Tumsifu Yesu Kristo. Mwalimu umeandika vizuri. Naongezea upande wa Katoliki.

Kwetu pengo liko mahali pengine. Utoto Mtakatifu una utaratibu mzuri, watoto wanazoea kuongoza sala na kukusanya majitoleo kwa ajili ya watoto wenzao. Ni shirika la tangu 1843, lina mizizi. Wakifika 14 hivi wanajiona wamekua, fulana haiwaenei, na VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki) wanaiona ni ya wakubwa. Aliyeko sekondari yenye TYCS (umoja wa wanafunzi Wakatoliki) ameokoka, huko atapata malezi. Asiye na TYCS shuleni, au aliyeacha shule, anabaki hewani. Kwa hiyo parokia zikitaka viongozi, zianze na kuwahesabu hawa wa miaka 13 hadi 16 jumuiya kwa jumuiya. Wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo wanawajua kwa majina.

Na kuna chombo ambacho tayari tunacho: Ona, Amua, Tenda, njia ya Kadinali Joseph Cardijn wa Ubelgiji. TYCS wanaijua, lakini wengi wanaishia kwenye Ona. Kikao kinageuka cha kulalamika. Hivi ndivyo unavyomfundisha kijana kuiendesha kwa dakika 45:

Ona, dakika 15. Suala moja tu, la karibu. Mfano: wavulana watano wameacha kuja tangu mwezi uliopita. Ni nani? Waliacha lini? Nani ameongea nao? Kama hakuna aliyeongea nao, kikao kinafungwa hapo hapo, wanapewa wiki moja waende wakawaulize. Hili watu hawalipendi, lakini bila hilo watabuni sababu ("wamependa dunia").

Amua, dakika 15. Kifungu kimoja cha Injili kisomwe polepole mara mbili, kisha swali: kwa tuliyoyasikia kwa wale watano, Yesu angeanzia wapi?

Tenda, dakika 15. Tendo moja, jina la mtu, siku, mahali. "Tutawatembelea" haiandikwi. "Wawili hawa wataenda uwanjani Alhamisi saa 11 jioni, wacheze nao kwanza" inaandikwa. Kikao kijacho kinafunguliwa kwa kuuliza tendo hilo lilifanyika au la, kabla ya ajenda nyingine yoyote.

Aghalabu utakuta sababu ni ndogo na ya aibu: mchango wa sare, au mtu alimcheka mwenzake viatu.

---

dada_wa_kwaya

Hapo kwenye sare umegusa penyewe. Kundi likianza tu, la kwanza ni fulana zenye maandishi, la pili ni kitenge cha mkutano wa jimbo. Walioshindwa kulipa hawasemi, wanaacha kuja. Timu ya vijana ipewe sheria moja ya fedha tangu mwanzo: hakuna kitu kinachovaliwa ambacho kila mmoja hawezi kukipata. Kama lazima mfanane, rangi. Shati jeupe kila mtu analo la shule.

Ninalo swali kwa Mwalimu. Umesema vikundi vya Neno dakika 30 vinaongozwa na vijana wenyewe. Wa miaka 15 anawezaje kuongoza Neno? Si atawapotosha wenzake?

---

MwalimuWaJumamosi

Dada, haongozi mahubiri, anaongoza maswali. Mahubiri mwalimu keshayatoa zile dakika 15. Tofauti hiyo ikieleweka, hofu ya kupotosha inapungua sana.

Kikundi kiwe cha watu 6, wakae duara, magoti yanaelekeana, wala si kwenye mabenchi. Kiongozi akae usawa mmoja nao, asisimame. Alhamisi kabla ya Jumamosi viongozi wote wa vikundi wakutane na mwalimu nusu saa: wanasoma kifungu, wanajibu maswali yale yale wao wenyewe, wanaandika maswali manne tu kwenye daftari. Kiongozi asiyefika Alhamisi haongozi Jumamosi, hata kama ndiye hodari kuliko wote. Sheria hii msiilegeze, ukimpitisha mmoja tu wengine wataona maandalizi ni ya hiari.

Mfano wa kifungu, Marko 2:1–12, yule mwenye kupooza. Maswali manne:

Moja, kuna watu gani kwenye habari hii? (Kila mtu anaweza kujibu, hata asiyesoma vizuri.) Mbili, kwa nini wale wanne hawakungoja mlangoni mpaka watu wapungue? Tatu, angalia mstari wa 5, Yesu aliona imani ya nani? (Hapa ndipo wanashtuka, maana wengi wanadhani ya mgonjwa.) Nne, darasani au mtaani kwenu nani hawezi kuja mwenyewe, na nani atashika upande gani wa godoro?

Mambo ya kumzoeza kiongozi. Akishauliza, ahesabu moyoni hadi saba kabla ya kusema chochote. Vijana wanaogopa ukimya, sekunde mbili tu zikipita wanajijibu wenyewe, na kikundi kinazoea kwamba majibu yatatoka kwa kiongozi. Msemaji sana amkalishe pembeni yake, asimkalishe uso kwa uso, kwa sababu anayekutazama machoni kila wakati anadhani ni zamu yake. Mkimya asiulizwe "na wewe unasemaje?" mbele za watu. Apewe kusoma kifungu, sauti yake ikishatoka mara moja ya pili inakuwa rahisi. Na swali lisilojulikana jibu lake liandikwe, lipelekwe kwa mwalimu. Kiongozi afundishwe kusema "sijui, nitauliza" bila aibu, na wiki inayofuata lazima arudi na jibu. Asiporudi nalo mara mbili, hawatamuuliza tena.

Kosa jingine ni kumpa kiongozi kikundi cha rika lake tupu. Wa miaka 16 aongoze wa 13 na 14. Wa umri wake watamtania.

---

Mlango_Wazi

Ndugu zangu, mnazungumza vizuri lakini nimepita posti zote sijaona usalama wa watoto. Huu uzi unahusu watu wa chini ya miaka 18. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa Tanzania hao ni watoto, na kwa Kenya ni vivyo hivyo kwa sheria yao ya 2022. Ukimpa mtoto uongozi hajawa mtu mzima.

Yafuatayo yaandikwe na yasainiwe na baraza la wazee kabla ya timu kuanza:

Walezi wawili kila kipindi, mwanamke na mwanaume, wasio mume na mke wala ndugu. Akikosekana mmoja, kipindi kinafanyikia nje mahali pa wazi au kinaahirishwa. Hakuna mtu mzima kubaki na mtoto mmoja chumba kilichofungwa, hata mchungaji, hata "kwa maombezi". Maombezi yafanyike ukumbini, mlango wazi, mtu mwingine akiwa anaonekana.

Simu. Mlezi hamtumii kijana ujumbe wa faragha. Kuna kundi moja la WhatsApp la timu, wamo walezi wote wawili na mzazi mmoja, na halitumiki baada ya saa 3 usiku. Wasio na simu wapewe taarifa kwa njia nyingine siku ile ile, vinginevyo uongozi unahamia kwenye simu na wao wanakuwa watazamaji. Picha za watoto zisipandishwe mtandaoni bila idhini ya mzazi, na zisiambatane na jina na shule. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 si ya benki na kampuni za simu peke yake.

Jambo zito zaidi, na hili wafundishwe viongozi wenyewe. Kijana akiwa kiongozi mzuri, wenzake watamwambia mambo: kupigwa, kuguswa, mimba, kutaka kujiua. Wa miaka 15 hawezi kubeba hayo, na asiachwe adhani ni kazi yake. Afundishwe hatua nne, azifanyie mazoezi kwa kuigiza mpaka ziwe nyepesi mdomoni. Asikilize bila kuhoji maswali ya upelelezi. Asiahidi siri, aseme "hili nitalipeleka kwa mtu mzima anayeweza kukusaidia, twende wote". Siku hiyo hiyo amwambie mlezi. Akimaliza hapo kazi yake imeisha, asimsimulie mtu mwingine yeyote. Mlezi naye asiitishe kikao cha wazee kusuluhisha. Ni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au afisa ustawi wa jamii, au simu 116 ambayo ni ya bure Tanzania na Kenya. Kesi nyingi zinafia kwenye "tulimalize kifamilia".

Na kama mtuhumiwa ni mlezi au mtumishi wa kanisa, taarifa isipitie kwake wala kwa rafiki yake. Jina la mtu wa pili wa kumpelekea lijulikane tangu siku ya kwanza.

---

mzee_wa_mtaa

Nakubaliana na Mlango_Wazi, naongeza mikesha. Vijana wa chini ya 18 wasiandaliwe mkesha wao wenyewe. Ukiwepo wa usharika, wakae na wazazi wao, na usafiri wa kurudi ujulikane kabla. Saa 9 usiku bodaboda mmoja kwa mabinti wawili siyo mpango.

Makambi: karatasi ya ruhusa yenye sahihi ya mzazi, namba mbili za simu, dawa anazotumia na mizio yake. Mlezi mmoja kwa watoto 8, matroni wanalala jengo la wasichana.

---

Bw_Likizo (Nakuru)

Bwana asifiwe. Nachangia kutoka Kenya, maana kalenda yetu ni tofauti na inabadilisha mpango mzima.

Huku vijana wengi wa sekondari wako bweni. Unawaona likizo ya Aprili, ya Agosti, na ile ndefu ya Novemba na Desemba. Ukiweka mpango wa wiki 12 mfululizo utabaki na wanafunzi wa kutwa pekee. Kwa hivyo timu ziwe mbili: ya mwaka mzima, wanafunzi wa kutwa na wa Junior School (darasa la 7 hadi la 9), na ya likizo. Ya likizo ipewe kazi kamili inayoanza na kuisha ndani ya likizo moja, kwa mfano kambi ya siku tatu ya watoto wa Sunday school mwezi wa Agosti. Mwezi wa Aprili wanapanga, wanagawana majukumu kwa maandishi, wanarudi shuleni, Agosti wanatekeleza. Desemba wanakabidhi ripoti ya ukurasa mmoja. Msiwaweke kwenye kamati inayokaa mwezi wa tano, hawatakuwepo na watasemwa hawana bidii.

Jambo la pili: msidharau vikundi vyenye ngazi. Boys' Brigade, ambayo PCEA (Kanisa la Presbyterian) inayo, ilianzishwa Glasgow mwaka 1883 na William Alexander Smith kwa shida hii hii yetu, wavulana wa Sunday school waliokuwa wakubwa kwa hadithi za watoto na wadogo kwa ibada ya wazee. Wasabato nao wana Pathfinder, ngazi sita, moja kwa kila mwaka kuanzia miaka 10 hadi 15, kila ngazi na ujuzi wa kupimwa: huduma ya kwanza, kufunga mafundo, kupika nje, Biblia. Kijana anajua leo yuko wapi na ngazi ijayo inataka nini. Fellowship ya kawaida haina hiyo, anaambiwa tu "kua kiroho".

Hatari yake ni gwaride kuwa ndiyo dini. Ukiona kijana anajua kupiga saluti lakini hajui jina la mtoto mgeni katika safu yake, ngazi zimepimwa vibaya. Ongeza sharti moja kwa kila ngazi: amfundishe mwingine ujuzi wa ngazi aliyotoka.

---

MzaziMkali

Yote sawa. Lakini wazazi tunaogopa mtihani. Mtoto akiwa "kiongozi" anaanza kutoka kila siku, mara mazoezi, mara kikao, mara ugeni wa askofu. NECTA (Baraza la Mitihani) haijui hayo.

---

MwalimuWaJumamosi

Mama/Baba, hofu yako ni ya haki na mara nyingi kosa ni letu. Weka kikomo kwa maandishi: Jumamosi moja kwa wiki na ile nusu saa ya Alhamisi kwa viongozi wa vikundi, basi. Ugeni wa askofu usiwe sababu ya mazoezi ya wiki nzima.

Wa kidato cha pili na cha nne waanze kukabidhi Julai mwishoni, Agosti mpaka mtihani wa Novemba wanakuja kama washiriki wa kawaida, hakuna zamu. Hii ina faida ya pili: mrithi anapata miezi mitatu ya kufanya kazi huku aliyemtangulia bado yupo wa kuulizwa.

Kisha angalia upande wa pili wa kalenda. Aliyemaliza kidato cha nne Novemba anasubiri matokeo mpaka mwishoni mwa Januari, na kidato cha tano kinaanza Julai. Huyo ana miezi saba au zaidi, ana miaka 17 au 18, na nyumbani hana shughuli. Sharika nyingi zinampoteza hapa hapa. Mpeni kazi ya kila wiki: msaidizi wa darasa la kipaimara mwaka wa kwanza, au mratibu wa timu ya wadogo. Akishafika 18 aingie upande wa walezi, na sheria zote za Mlango_Wazi zinamhusu kama mtu mzima, pamoja na ile ya kutokuandikiana faragha na mabinti wa miaka 15 aliokuwa nao timu moja mwaka jana. Aambiwe wazi, maana yeye mwenyewe hajioni amevuka mpaka.

---

Hesabu_Ndogo

Fedha. Nitakuwa mfupi.

Wapeni kiasi kidogo cha kweli. Kundi likipewa shilingi 20,000 kwa mwezi za maji, kalamu na karatasi, likaziendesha lenyewe, litajifunza kuliko semina. Daftari moja lenye safu tano: tarehe, maelezo, kuingia, kutoka, baki. Kila mstari una baki yake, msingoje mwisho wa mwezi. Fedha zihesabiwe na wawili wasiotoka nyumba moja, wote waweke sahihi. Fedha taslimu inalala ofisi ya usharika, haiendi nyumbani kwa mtoto. Namba ya M-Pesa ya kijana isitumike kupokelea michango, hata siku moja, hata kama namba ya mlezi haipatikani.

Kinachoharibu ni mkopo mdogo. Kijana anachukua 2,000 ya nauli, "nitarudisha kesho", mama yake anaugua, inakuwa 6,000. Ukimfukuza kwa kelele umempoteza yeye na ndugu zake. Weka sheria mapema kwamba nauli ya zamu inalipwa na kundi na inaandikwa. Wengi wanaochukua ni kwa sababu nauli yao haikupangwa popote.

Ripoti isomwe mbele ya kundi kila mwezi na mhazini mwenyewe, dakika mbili. Maswali yakija ajibu yeye.

---

dada_wa_kwaya

Asanteni. Swali gumu sasa. Kiongozi akianguka? Namaanisha mimba, pombe, wizi, au tu hafanyi kazi yake.

---

Kigango_Kwetu

Tenganisha mambo mawili, dada. Kutofanya kazi ni jambo la mazungumzo: mara ya kwanza mlezi anamuuliza faraghani (pale panapoonekana) kuna nini, maana mara nyingi kuna kitu nyumbani. Mara ya pili kazi inapunguzwa, anabaki kwenye timu. Mara ya tatu anapumzishwa mpaka kipindi kijacho na anaambiwa tarehe ya kurudi. Kwa kuwa kipindi ni wiki 12, kumpumzisha hakuwi fedheha. Hii ndiyo faida kubwa ya kutotoa vyeo vya mwaka mzima.

Makosa mazito yanakwenda kwa mchungaji au paroko, hayajadiliwi na vijana wenzake. Msiitishe kikao cha timu "kumuombea" kwa kumtaja. Huo ni umbea wenye sala.

---

mzee_wa_mtaa

Na kwenye mimba: binti anaondolewa zamu, mvulana anabaki anapiga kinanda. Hili vijana wanaliona na wanakumbuka. Kwanza jiulizeni kama ni jinai, maana binti wa chini ya 18 ni mtoto, na hapo ni ile njia aliyoiandika Mlango_Wazi. Halafu utaratibu wa kanisa wa kutengwa na kurudishwa ni wa mchungaji, uwahusu wote wawili sawa. Ila kundi la vijana lisimfungie mlango. Serikali yenyewe tangu Novemba 2021 imeruhusu wanaojifungua kurudi shuleni. Kanisa lisiwe gumu kuliko shule.

---

mgeni_2

Wadau samahani, mimi ni mlezi mpya. Nina vijana 11 tu, ukumbi hatuna tunakaa chini ya mwembe, na mlezi niko peke yangu, mwanaume. Jumamosi hii nianze na nini?

---

Mlango_Wazi

Anza na mlezi wa kike. Kabla ya karatasi, kabla ya vikundi. Zungumza na mwenyekiti wa umoja wa wanawake, mpe siku na saa, omba mama mmoja mwenye subira kwa miezi mitatu. Asipopatikana Jumamosi hii, kaeni hapo hapo mwembeni kwenye macho ya watu na mmalize mapema.

---

MwalimuWaJumamosi

Nakazia hilo. Kwa 11 usiunde timu ya 6, nusu ya kundi watakuwa viongozi na nusu wanaongozwa. Chukua wanne, kazi mbili tu: mapokezi na ufuatiliaji. Michezo na nyimbo fanyeni wote. Vikundi vya Neno viwili, cha watano na cha sita, wewe usikae hata kimoja, zunguka. Wakifika 20 ongeza kazi ya tatu.

Na nunua daftari la mahudhurio leo, la kurasa 96 linatosha mwaka. Mmoja wa wale wanne alishike yeye, siyo wewe.